Inakoishia petroli ya mashine kuukuu za boti

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, malalamiko ya wenye boti wa pwani ya Dar es Salaam, kuanzia Feri, Kigamboni, Msasani, Kunduchi hadi Mbweni, huja kwa sura mbili. Wapo wanaosema bei ndiyo inayowamaliza. Wapo wanaosema mashine za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, zimepitwa na wakati, zitupwe zote, kila mtu anunue ya mipigo minne. Sisi tunaozifungua na kuzifunga mashine hizi tunaona wote wawili wanaruka jambo moja: sehemu kubwa ya petroli inayopotea haimalizwi na umri wa mashine, bali na propela isiyofaa, mwendo usiofaa na ufundi wa kubahatisha. Sehemu hiyo inatibika, tena kwa gharama iliyo chini sana ya bei ya mashine mpya.

Tuanze na kisichotibika, tusije tukadanganyana. Mashine ya mipigo miwili yenye kabureta haina vali kama za injini ya gari. Kuta za silinda zina matundu, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Pistoni inaposhuka, tundu la moshi linafunguka kwanza, yakifuatiwa na matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya wa petroli na hewa. Kwa muda mfupi yote yanakuwa wazi. Mchanganyiko mpya ndio unaosukuma moshi utoke, na katika kusukuma huko nao unaponyoka kabla haujawaka. Kiasi kinachoponyoka kinaweza kufika robo ya petroli yote iliyoingia, wakati mwingine kikazidi. Huo utando wa rangirangi unaoelea nyuma ya boti bahari ikiwa shwari ni petroli na oili uliyoilipia. Hakuna plagi ya bei mbaya wala dawa ya chupani itakayouzuia, kwa kuwa ndivyo injini ilivyoundwa. Kwa sababu hiyo Marekani ilizibana kwa kanuni za mwaka 1996, zilizotekelezwa hatua kwa hatua hadi mwaka 2006. Kwetu Afrika bado zinaletwa mpya kabisa, Yamaha Enduro ikiwa mfano ulio wazi, kwa kuwa ni nyepesi, nyuma yake kuna vipuri tele Kariakoo, na fundi yeyote wa pwani anaweza kuifungua juu ya mchanga.

Kwa kukadiria, mashine ya namna hii ikifunguliwa mpaka mwisho hula karibu nusu lita kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Ya mipigo minne hula kati ya lita 0.35 na 0.4, na dizeli ya kufungwa ndani karibu lita 0.25. Kwa hiyo ya nguvu farasi 15 itakula lita 7 hadi 8 kwa saa, ya 25 lita 12 hadi 13, na ya 40 lita 20 hivi. Hizo ni namba za mashine nzima. Ya 15 ikila lita 10 kwa saa, basi ina ugonjwa, au mpimaji amekosea.

Na kupima ndiko kunakokosekana. Mwenye chombo anampa nahodha madumu mawili, chombo kikirudi na tupu zote mbili anahisi ameibiwa, nahodha naye anaapa kwamba mkondo ulikuwa mkali. Ugomvi huu unaisha kwa chupa. Tafuta chupa ngumu ya plastiki isiyolainishwa na petroli na inayoonesha kilichomo ndani. Piga mistari miwili ubavuni, kati yake iwemo nusu lita kamili. Kifuniko kitobolewe matundu mawili, moja la mpira wa kunyonyea unaofika chini, jingine dogo la kupitisha hewa. Ifunge imara mbali na betri na nyaya za plagi, na asiwepo anayevuta sigara. Weka ndani petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili. Boti ikiwa na mzigo wake wa kila siku na ikienda mwendo wake wa kila siku, mmoja ahesabu sekunde tangu petroli ivuke mstari wa juu hadi ivuke wa chini, mwingine asome mwendo kwenye simu yenye GPS. Gawanya 1,800 kwa idadi ya sekunde, jibu ni lita kwa saa. Sekunde 240 ni lita 7.5 kwa saa. Sekunde 90 ni lita 20.

Kisha gawanya lita hizo kwa mwendo wa maili za bahari kwa saa, upate lita kwa maili moja. Boti inayokula lita 7.5 kwa saa ikienda maili 6 inatumia lita 1.25 kwa kila maili. Safari ya maili 12 kwenda na 12 kurudi ni lita 30, nawe uongeze theluthi ya akiba. Pima ukienda na ukirudi njia ileile, halafu uchukue wastani, maana mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima na unakaza zaidi wakati wa kusi. Anayepima akielekea Kunduchi peke yake atajisifu bure. Mdomoni mwa bandari ndipo pabaya zaidi pa kupimia, kwa kuwa maji kujaa na kupwa yanatawala kila kitu.

Ukishajua namba yako, angalia propela kabla hujagusa kabureta. Hapa ndipo tunapoona hasara kubwa kuliko zote, na ndipo wenye boti wasipopenda kuangaliwa, pengine kwa kuwa propela haitoi moshi wala haipigi kelele.

Kwenye propela pameandikwa namba kama 9¼ x 9¾. Ya kwanza ni upana wa duara kwa inchi. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Mashine ya 15 ya Yamaha ina giya ya 27 kwa 13, kwa hiyo injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, propela inazunguka karibu mara 2,400. Kwa hatua ya inchi 9¾, boti ingepaswa kwenda maili 19 za bahari kwa saa. Sasa iweke hiyo nyuma ya mashua ya mbao yenye watu sita, barafu na nyavu zilizolowa. Inakwenda maili 6 au 7. Propela inakoroga maji, injini inalemewa, haifiki kwenye mizunguko iliyokusudiwa, na nahodha anaufungua mkono wa petroli mpaka mwisho kutwa nzima akitafuta mwendo ambao hautapatikana.

Kitabu cha mashine kinataja mizunguko inayotakiwa mkono ukiwa umefunguliwa wote. Nyingi kati ya hizi ni 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Jaribu ukiwa na mzigo kamili. Ikigoma kwenye 4,000, hatua ya propela ni kubwa mno kwa boti yako. Kila inchi moja unayopunguza inapandisha mizunguko 150 hadi 200. Kwa hiyo anayepata 4,500 akitaka 5,000 ashuke inchi mbili na nusu hadi tatu. Ikipita 5,500 hatua ni ndogo, na hapo injini itajiua kwa kuzunguka kupita kiasi. Kwa mashine ya 15 zipo propela za inchi 9¼ zenye hatua kuanzia 8 hadi 12. Anayepeleka watalii wanne kisiwani Bongoyo kwa boti nyepesi ya faiba na anayekwenda kuvua na tani moja ya mzigo hawawezi kutumia ile moja iliyokuja ndani ya boksi, lakini pwani nzima utaona ndivyo inavyofanyika. Injini iliyolemewa haili petroli tu, inajaza masizi, inapata joto, na pistoni inatoboka mtu akilaumu oili.

Propela iliyogonga mwamba ikapinda ncha nayo inakula. Kuinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe kunaacha mapanga yasiyolingana. Yakitofautiana, mashine inatetemeka na sili za giya zinakufa. Kagua pia mpira ulio ndani ya kitovu. Piga mstari wa rangi kuanzia kitovu cha ndani hadi cha nje, nenda mzunguko mmoja wa nguvu, kisha tazama. Mistari ikiachana, mpira unateleza. Wakati huohuo vua propela uone kama mshipi wa kuvulia haujajizungusha nyuma yake. Mshipi hukata sili, maji ya chumvi yanaingia kwenye oili ya giya, nayo inatoka nyeupe.

Kimo cha mashine nacho hupuuzwa. Lile bapa lililo juu ya propela linatakiwa lilingane na chini ya boti, au liwe chini kidogo, isizidi sentimita mbili na nusu. Mguu mfupi ni wa ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Mashine nyingi za mtumba zilizopo Feri zina mguu mrefu na zimefungwa kwenye ubao wa inchi 15 au 16, kwa hiyo inchi nne nzima za chuma zinaburutwa ndani ya maji bila kazi. Ongeza kipande cha mbao ngumu juu ya ubao, kifunge kwa boliti za kupenya, usitumie misumari. Pini ya kuinamisha mashine nayo iwe kwenye tundu linaloufanya mguu usimame wima boti ikiwa mwendoni. Omo, yaani mbele ya boti, ikinyanyuka na tezi, yaani nyuma, ikizama, kabla ya kugusa pini sogeza sanduku la barafu mbele.

Mwendo wenyewe sasa. Boti nzito isiyopanda juu ya maji ina mpaka wake, nao unapatikana kwa kuzidisha 2.43 kwa kipeuo cha pili cha urefu wa boti kwenye usawa wa maji, kwa mita. Mita 7 inatoa maili 6.4 kwa saa, mita 9 inatoa 7.3. Ukitaka kuupita mpaka huo kwa boti ya namna hiyo, boti inaanza kupanda mlima wa wimbi lake yenyewe, na unaweza kuongeza petroli maradufu ukapata nusu maili. Chini ya mpaka huo, nguvu inayohitajika hubadilika kwa mizunguko ikizidishwa yenyewe mara tatu. Punguza mizunguko kwa sehemu moja ya kumi: nguvu inashuka kwa zaidi ya robo, mwendo unashuka sehemu moja ya kumi tu, na petroli ya kila maili inapungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Mashine za mipigo miwili hazifuati hesabu hii kikamilifu, kwa kuwa uchomaji wake unaharibika kadiri unavyofunga mkono, hivyo tegemea pungufu kidogo. Hata hivyo, kwa safari ya lita 30, kurudi na lita nne au tano kwa kuchelewa dakika chache ni faida ambayo hakuna fundi awezaye kukupa kwa spana.

Kwa boti nyepesi ya faiba inayopanda juu ya maji mambo ni tofauti. Yenyewe mwendo mbaya kuliko wote ni ule wa katikati, omo ikiwa juu na mawimbi makubwa yakifuata nyuma. Ama uende polepole kabisa, ama uiache ipande kisha upunguze mkono taratibu mpaka karibu na mwendo ambao ingeanza kushuka. Na boti yoyote iliyosimama kusubiri nyavu, mashine izimwe. Ikinguruma bila mzigo ndipo ya mipigo miwili inapokuwa mbovu kuliko wakati wowote: moshi haufagiliwi vizuri silindani, mizunguko mingine inapita bila kuwaka, na petroli ya mizunguko hiyo inakwenda moja kwa moja baharini.

Chini ya boti hatutasema mengi, wenye vyombo wanapajua kuliko sisi. Majani na magamba yakiota, namba yako ya lita kwa maili itakuambia kabla macho hayajaona. Chombo cha mbao kipandishwe pwani bamvua, kikwanguliwe, kitiwe moto wa makuti dhidi ya bombwe, wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na kupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, kama ilivyokuwa siku zote. Aliyeacha desturi hiyo eti kwa kuwa ana mashine analipa kituoni alichokiokoa pwani.

Tuje kwenye mashine. Kuna hitilafu moja ambayo inakula petroli kuliko zote na inatibika kwa kipuri kidogo sana: kiwambo cha pampu ya petroli. Pampu hii haiendeshwi na mkanda wala umeme. Inasukumwa na pumzi ya sanduku la kranki, kupitia tundu dogo. Kiwambo chake chembamba kikitoboka, petroli inanyonywa kupitia tundu hilohilo na kuingia injini bila kupita kwenye kabureta. Silinda moja inazama kwenye petroli. Fungua plagi: moja itakuwa nyeusi na imelowa, nyingine kahawia kavu. Mafundi wengi wakiona hivyo wanabadilisha plagi, kisha koili, kisha wanashusha kabureta. Badilisha kiwambo na gasketi zake kwanza. Petroli yetu na joto la Dar es Salaam havimpi mpira uhai mrefu, kwa hiyo kibadilishe kila mwaka hata kama hakijapasuka.

Plagi zote zikiwa nyeusi kwa pamoja, sababu ziko kwingine. Angalia kama choki inafunguka mpaka mwisho. Waya wake ukilegea, kibapa kinabaki kimeziba robo ya njia na mashine inakunywa. Angalia sindano ya boya. Ikilika mdomoni, kabureta inafurika, utaona petroli ikidondoka mashine ikiwa imezimwa. Angalia jeti, kile kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta. Hapa tunasema wazi: kuna wenzetu wanaotoboa jeti kwa waya au kwa biti ndogo ili mashine ipate nguvu. Mashine iliyopoteza nguvu kwa sababu ya propela au ringi za pistoni haiponi kwa jeti pana, inaongezewa njaa tu. Jeti ina namba ubavuni, na ikishatobolewa namba hiyo ni uongo. Nunua nyingine yenye namba ya kitabu. Kusafisha jeti ni kwa hewa na dawa ya kabureta, si kwa waya wa breki.

Nyuma ya kabureta kuna vibapa vyembamba vya chuma, ridi, vinavyoruhusu mchanganyiko uingie na kuuzuia kurudi. Kimoja kikivunjika ncha au kikibaki wazi, utaona ukungu wa petroli ukitema nje ya mdomo wa kabureta. Vyote vilale bapa, bila mwanya unaoonekana ukivielekeza kwenye mwanga. Kipande kilichovunjika kitafutwe, maana kimeingia ndani na kitakwaruza silinda.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Mkono wa mashine unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unafungua kabureta, na kwa mashine nyingi kuukuu unasogeza pia sahani iliyo chini ya gurudumu la juu ili cheche itangulie zaidi. Kazi hizi zinaunganishwa na vijiti vyenye vichwa vya plastiki. Vichwa vikilika, kabureta inafunguka kabla cheche haijatangulia inavyotakiwa. Petroli inaingia nyingi, inawaka kwa kuchelewa, na joto lake linaishia kwenye bomba la moshi. Mashine haikohoi wala haikatiki, inakuwa nzito tu, na kila kitu kingine ukikipima ni kizima. Badilisha vichwa hivyo, kisha urekebishe urefu wa vijiti kwa vipimo vya kitabu.

Thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya kupozea, imekuwa ikitupwa ovyo. Chumvi ikiikwamisha ikiwa imefunga, mashine inachemka, na fundi anaiondoa kabisa. Kuchemka kunaisha, lakini sasa mashine inazunguka baridi kutwa nzima, petroli haigeuki mvuke vizuri, inaganda kwenye kuta na kutoka bila kuwaka. Ipime ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Nyingi za mashine hizi zinaanza kufunguka karibu nyuzi 50, na namba imepigwa juu yake. Dawa ya chumvi ni maji baridi ya bomba kupitishwa kwenye mashine dakika tano hadi kumi baada ya safari, na impela mpya ya pampu ya maji kila mwaka.

Mgandamizo upimwe plagi zote zikiwa nje, nyaya zake zikigusishwa kwenye chuma cha injini, mkono ukiwa wazi wote, kamba ivutwe mara tano au sita. Silinda zisitofautiane zaidi ya sehemu moja ya kumi. Zikitofautiana, ringi zimenata au zimelika, na hakuna kilichotajwa juu kitakachosaidia kabla ya hapo kushughulikiwa. Kuhusu plagi, fuata namba ya kitabu. Kwa zile za NGK, zinazoishia na -10 pengo lake ni milimita 1.0, kwa hiyo usizikaze kwa mazoea.

Oili. Mashine iliyoandikwa 50:1 inataka mililita 20 kwa lita, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Si kikombe kimoja na kidogo juu yake. Wengi wanazidisha wakidhani wanailinda mashine. Kila tone la oili lililozidi limechukua nafasi ya petroli ndani ya lita ileile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mkavu wa petroli, plagi zinalowa oili, ringi zinanata na tundu la moshi linazibwa na masizi. Nahodha anaongeza mkono kufidia. Mara mbili ya kiasi hicho, 25:1, ni kwa saa kumi za kwanza za mashine mpya au iliyofungwa pistoni mpya, na kwa mashine za zamani sana ambazo kibandiko chake kinasema hivyo. Oili iwe na alama ya TC-W3, yaani ya mashine za boti za mipigo miwili. Ile ya pikipiki na bajaji imetengenezwa kwa injini yenye joto kali na inayopozwa kwa hewa, inaacha majivu kwenye mashine inayopozwa na bahari. Tia kwanza petroli kidogo kwenye dumu, mimina oili, tikisa, kisha jaza.

Wanaochanganya mafuta ya taa kwenye petroli walifuata bei yake ndogo, lakini sababu hiyo ilikufa tangu bajeti ya 2011/12 ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa kuzuia uchakachuaji. Zipo mashine zilizoundwa kwa mafuta ya taa, kama Yamaha za EK, zenye mgandamizo mdogo na zinazowashwa kwa petroli kisha kuhamishwa. Ukitia kwenye mashine ya kawaida, inagonga, inatoboa pistoni, na kwa kila lita unapata nguvu ndogo.

Sasa, je, ununue ya mipigo minne? Jibu liko kwenye saa zako kwa mwaka. Kwa mashine ya 15, tofauti ni karibu lita 2 kwa saa, pamoja na mililita 150 za oili. Tuchukue petroli shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu. Anayefanya saa 4 kwa siku, siku 200, ana saa 800: ni shilingi 4,800,000 za petroli, na lita 120 za oili ya kuchanganya, dhidi ya oili ya kubadilisha isiyofika lita 2 kila baada ya saa 100. Huyo anunue, wala asingoje. Anayetoka wikiendi na kumaliza saa 100 kwa mwaka ataokoa shilingi 600,000 za petroli, na bei ya mashine mpya itamngoja miaka mingi. Akumbuke pia uzito: ya 15 ya mipigo miwili ni karibu kilo 36, ya mipigo minne karibu 50, tofauti ambayo mgongo unaijua kila jioni ikibebwa kutoka majini. Na atakayefunga mashine mpya juu ya ubao uleule, na propela isiyolingana na mzigo, ataleta malalamiko yaleyale mwaka ujao.

Ombi letu kwa vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali za ufukweni, na kwa chuo cha uvuvi cha FETA kule Mbegani ni dogo: kila kikundi kiwe na kipimo kimoja cha mgandamizo, chupa moja ya kupimia na saa moja ya kuhesabu mizunguko, ile ndogo inayozungushiwa waya wake kwenye waya wa plagi, vitumike kwa zamu. Atakayeinunua saa hiyo aiweke kwenye kipimo cha cheche moja kwa kila mzunguko mmoja. Ikiwa imewekwa cheche moja kwa mizunguko miwili, kwenye mashine ya mipigo miwili itakuonesha mara mbili ya ukweli.

Mafundi wa mashine za boti,
Kigamboni, Dar es Salaam